Kamera ya infraredi ione vizuri usiku: anza na umeme, malizia na menyu

Kamera nyingi zinazosemwa "hazioni usiku" ni nzima. Picha imejaa ukungu mweupe, ukuta wa karibu unawaka, geti limezama gizani, na mwenye nyumba anaambiwa anunue kamera ya megapikseli nyingi zaidi. Anainunua, inafungwa palepale kwa waya uleule, na picha inabaki vilevile. Shida huwa ni mwanga wa infraredi, ule ambao jicho haliuoni vizuri lakini kamera huutumia gizani: ama hautoki wa kutosha, ama unatoka ukagonga kitu kilicho karibu na kurudi kwenye lenzi kabla haujafika kule unakotaka kuona. Kwa hiyo kagua kwa mpangilio huu: umeme unaowasha taa, kisha kilicho mbele ya lenzi, kisha mahali ilipofungwa, na menyu mwishoni kabisa. Mafundi wengi huanza na menyu kwa sababu ndiyo pekee isiyohitaji ngazi.

Taa za infraredi na ule umbali ulioandikwa kwenye boksi

Kamera ya kawaida ya nyumbani au dukani ina taa za LED za nanomita 850. Ukiitazama kwa karibu gizani utaona zinawaka wekundu hafifu. Zipo pia za nanomita 940, ambazo jicho halizioni kabisa. Watu huzipenda kwa sababu mwizi hajui kamera iko wapi, lakini sensa ya kamera nayo huziona kwa shida zaidi, na umbali wa kuona hupungua sana. Kwa ua, duka au ghala chukua 850. Za 940 zifae chumbani au mahali ambapo ule wekundu ungeleta usumbufu wa kweli.

Kuhakikisha taa zinawaka, ziba kwa kidole kile kitundu cha sensa ya mwanga mbele ya kamera, au subiri giza, kisha ielekezee kamera ya simu. Tumia ya mbele, ile ya kujipigia picha, maana ya nyuma kwenye simu nyingi imewekewa kichujio kinachozuia infraredi. Taa nzima itaonekana nyeupe au zambarau kwenye kioo cha simu. Hesabu zote. Zikiwa sita na mbili zimekufa, upande mmoja wa picha utakuwa na giza daima na hakuna menyu itakayoutibu.

Boksi likisema mita 30, lisome kwa tahadhari. Mwanga ukienda mbali mara mbili hubaki robo: kitu kilicho mita 20 kinapata robo ya mwanga wa kitu kilicho mita 10, na cha mita 30 kinapata sehemu moja ya tisa. Mita 30 za boksi maana yake ni kwamba kwa umbali huo utaona kuna kitu kinasogea. Sura ya mtu usiitegemee hata kwa nusu ya umbali huo.

Umeme: mchana nzima, usiku mgonjwa

Dalili ni hii. Kamera inafanya kazi vizuri mchana kutwa. Magharibi ikiingia, picha inatikisika au kupata mistari, inapotea, inarudi, inapotea tena. Taa zinapowaka kamera inahitaji mkondo mkubwa, volti zinashuka, kamera inajizima. Taa zikizimika volti zinapanda, kamera inawaka upya, inaona giza, inawasha taa, na mchezo unaanza tena. Wakati mwingine haijizimi, ila taa zinafifia na picha inakuwa na chengachenga.

Hesabu yake si ngumu. Chukua kamera ya volti 12 inayokula ampea 0.25 mchana na 0.5 usiku (soma takwimu za kamera yako kwenye kibandiko, wati gawa kwa 12 upate ampea). Imefungwa mita 30 kutoka kwenye adapta kwa kebo ya mtandao ya Cat5e, jozi moja ikibeba umeme. Uzi mmoja wa kebo hiyo una ukinzani wa omu 0.09 hivi kwa mita. Kwenda na kurudi ni mita 60, yaani omu 5.4. Mchana zinapotea volti 1.35 na kamera inapata 10.65, inavumilia. Usiku zinapotea volti 2.7, inabaki na 9.3. Hapo ndipo inapoanza kuzimika.

Dawa ipo ndani ya kebo hiyohiyo. Kwenye kamera ya analogi, picha inatumia jozi moja tu. Zimebaki jozi tatu, nyuzi sita. Unganisha nyuzi tatu pamoja ziwe chanya na tatu ziwe hasi. Upotevu unashuka hadi volti 0.9 na kamera inapata 11.1. Kama unavuta waya upya, tumia kebo ya koaksho yenye waya wa umeme pembeni wa milimita za mraba 0.75, kwa mita 30 unapoteza volti 0.7 tu.

Lakini yote haya ni kwa shaba tupu. Madukani imejaa kebo ya alumini iliyopakwa shaba, ambayo ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba, na bei yake ndiyo inayovutia. Kwangua uzi kwa wembe: ukikuta weupe ndani, ni alumini. Uzi wa alumini pia hukatika ukiukunja mara chache, na ndiyo maana unganisho lake hulegea baada ya miezi kadhaa.

Namna ya kupima: multimita kwenye volti za DC, upande wa kamera, kamera ikiwa imechomekwa na taa zake zikiwaka. Ukichomoa plagi na kupima ncha ya waya peke yake utasoma 12 safi na utadanganyika, kwa sababu pasipo mkondo hakuna upotevu. Ukisoma 11 au zaidi uko salama. Chini ya 10.8, tafuta sababu hata kama kamera bado inawaka.

Adapta nayo ina hesabu yake. Kamera nne za ampea 0.5 ni ampea 2 usiku. Adapta iliyoandikwa 2A ikigawanywa kwa nne inafanya kazi ukingoni mwa uwezo wake, na nyingi za bei rahisi hazifikishi hata hicho kilichoandikwa. Weka ya 5A, iwe na nafasi ya kupumua. Ile boksi ya chuma yenye skrubu ya kupandishia volti isikutie tamaa: ukiipandisha hadi 14 ili kuifikia kamera ya mwisho, ile iliyo mita tano kutoka kwenye boksi ndiyo itakayoungua.

Kamera za mtandao zinazopata umeme wa PoE, yaani umeme unaopita kwenye kebo ileile ya mtandao, hazina sana ugonjwa huu. Zinatumia volti 48 hivi, mkondo wake ni mdogo, na hufika mita 100 bila shida. Kwa kebo ya alumini, hata hizo huanza kuyumba zikivuka mita 60 au 70, tena usiku.

Usisahau viunganishi. Plagi ya DC iliyoachwa ikining'inia nje ya ukuta hupata kutu ya kijani, hasa pwani, na kutu hiyo inakula volti kama waya mrefu. Viunganishi vyote viingie kwenye boksi la plastiki nyuma ya kamera, na waya ushuke chini kidogo ya boksi kabla ya kupanda kuingia, ili maji ya mvua yadondokee pale kwenye kona.

Kilicho mbele ya lenzi

Taa za infraredi ziko sentimita mbili tatu kutoka kwenye lenzi. Chochote kilicho karibu nazo kinapokea mwanga mwingi mno na kuurudisha moja kwa moja machoni mwa kamera. Kamera ikiona weupe huo inadhani pote pana mwanga, inapunguza, na kule mbali panakuwa giza. Ukungu mweupe kwenye picha ya usiku karibu kila mara chanzo chake ni hiki.

Anza na kioo. Kwenye kamera za domu, zile zilizofunikwa kwa kuba, kuna sponji nyeusi ya duara inayozunguka lenzi, na kazi yake ni kuutenga mwanga wa taa usipite ndani ya kuba hadi kwenye lenzi. Fundi akiifunga domu bila kuibana sponji igusane na kuba, au sponji ikiwa imebonyea kwa uzee, picha yote inakuwa maziwa. Jaribio: usiku, toa kuba kabisa na utazame picha. Ikisafika, kosa ni la kuba au sponji. Badilisha sponji, hakikisha inagusa kuba pande zote, kisha funga. Alama za vidole za fundi ndani ya kuba nazo hutoa ukungu uleule, kwa hiyo ifute kabla ya kuifunga.

Kwa sababu hiyo hiyo, nje ya nyumba sishauri domu. Chukua buleti, ile ndefu kama risasi, au tareti, ile ya umbo la jicho, ambazo taa zake na lenzi vimetengwa. Domu ibaki ndani ya duka au kwenye varanda ambako mtu anaweza kuigonga.

Kusafisha: maji safi kwanza ili kuondoa vumbi na chumvi ya bahari, maana ukifuta kikiwa kikavu unakwaruza, na mkwaruzo hauondoki. Kisha kitambaa laini chenye tone la sabuni ya vyombo, kisha maji tena. Usitumie thina, petroli wala spiriti kwenye kuba la plastiki. Hulitia ukungu wa kudumu au nyufa nyembamba.

Buibui ni adui mkubwa kuliko mwizi. Uzi mmoja wa utando mbele ya taa unaonekana kwenye picha kama kamba nyeupe inayopepea, na kila ikipepea kamera inarekodi "mwendo" na simu yako inalia usiku kucha. Nondo na mbu huja, mjusi kafiri anawafuata, anaketi juu ya lenzi. Msimu wa kumbikumbi hata usizungumze. Mambo matatu hupunguza balaa hili. Kwanza, kama kuna balbu ya nje, iwe mbali na kamera mita kadhaa, maana wadudu wanafuata balbu. Pili, pulizia dawa ya wadudu kwenye ukuta na kwenye mkono wa kamera, kamwe si kwenye kioo. Tatu, weka brashi laini kwenye mti mrefu na upitishe kila wiki mbili, kila wiki wakati wa mvua. Hakuna dawa ya kudumu, hata wauzaji wakisema ipo.

Halafu kuna ukingo wa paa. Kamera ikifungwa chini kabisa ya dari ya nje, bati, mfereji wa maji au ubao mweupe unaingia kwenye sehemu ya juu ya picha. Mchana huoni ubaya. Usiku ule ukanda mweupe unaizima picha nzima. Ishushe kamera sentimita 20 hadi 30, au isogeze mbele hadi ukingo utoke kwenye picha, au iinamishe. Ukuta wa pembeni pia: kamera iliyobanwa kwenye kona, na ukuta mweupe umepita nusu mita kutoka kwenye lenzi, haitaona ua. Igeuze hadi ukuta uondoke, hata ukipoteza sehemu ya ulichotaka kuona. Ile sehemu hukuwa unaiona usiku hata hivyo. Watu hupaka ukuta rangi nyeusi wakidhani wamemaliza. Rangi nyingi nyeusi kwa jicho zinaurudisha infraredi vizuri tu, kwa hiyo ijaribu kwenye kipande kidogo kwanza.

Mimea ina tabia hiyo hiyo. Majani mabichi huakisi infraredi kwa nguvu, ndiyo maana ua la michongoma au tawi la mwarobaini huonekana jeupe kama limemwagiwa chokaa. Tawi likiwa mita moja mbele ya kamera ni sawa na shuka jeupe. Kata, na kumbuka kwamba baada ya masika litarudi. Nguo pia: koti jeusi la kitambaa fulani linaweza kuonekana jeupe kwenye picha, na sare ya bluu ya mlinzi ikawa ya kijivu hafifu. Ukimweleza polisi rangi ya nguo za mtu kutokana na picha ya infraredi, unaweza kumpeleka kwa mtu mwingine kabisa. Umbo, mwendo, urefu na kitu alichobeba ndivyo vya kutegemea.

Kamera iliyo ndani inayotazama nje kupitia dirisha haitaona chochote kwa infraredi yake, kwa sababu kioo kinaurudisha mwanga. Zima taa zake kwenye menyu, ibandike lenzi karibu kabisa na kioo, na weka taa ya infraredi upande wa nje.

Mahali pa kufunga, na lenzi ipi

Urefu mzuri ni mita 2.5 hadi 3. Juu zaidi ya hapo unarekodi kofia na vipara. Chini ya hapo mtu anaifikia kwa mkono.

Lenzi ndiyo inayoamua utaona nini kwa umbali gani, na hapa ndipo hela nyingi hupotea. Kiwango cha Ulaya EN 62676-4 cha mwaka 2015 kilitaka pikseli 250 kwa kila mita ya upana ili kumtambua mtu usiyemjua, na 125 ili kumtambua unayemfahamu. Kamera ya 1080p ina pikseli 1920 kwa upana. Ikiwa na lenzi ya milimita 2.8, ile inayouzwa kila mahali kwa sababu "inaona pana", inafikia pikseli 250 kwa mita 3 tu kutoka kwenye kamera. Lenzi ya milimita 4 hufika mita 4 na kidogo. Ya milimita 6 hufika mita 7 na nusu. Zizidishe mara mbili upate umbali wa kumtambua mtu unayemjua. Hizo ni hesabu za mchana kweupe. Usiku, kwa chengachenga na mwendo, ondoa theluthi moja.

Maana yake kwa nyumba ya kawaida: geti likiwa mita 8 kutoka kwenye kona ya nyumba, lenzi ya 2.8 itakuonyesha kwamba kuna mtu, basi. Weka ya 6 ielekee getini na ya 2.8 itazame ua mzima. Kamera mbili za bei nafuu zenye lenzi tofauti zinashinda moja ya bei ghali iliyowekwa katikati.

Kuhusu megapikseli: zikiongezeka kwenye sensa yenye ukubwa uleule, kila pikseli inakuwa ndogo na inapata mwanga kidogo. Kamera ya megapikseli 8 yenye sensa ya 1/2.7 mara nyingi hushindwa gizani na ya megapikseli 2. Ukinunua kwa ajili ya usiku, uliza ukubwa wa sensa (1/1.8 ni bora kuliko 1/2.7, namba ya chini ikiwa ndogo ndiyo sensa kubwa) na uwazi wa lenzi: f/1.0 huingiza mwanga mara nne ya f/2.0. Muuzaji asiyejua namba hizo mbili anauza boksi.

Kama kamera ina lenzi ya kurekebishwa, ifokasi usiku, taa za infraredi zikiwa zimewaka. Infraredi haikusanyiki mahali pamoja na mwanga wa kawaida nyuma ya lenzi, kwa hiyo fokasi iliyokaa sawasawa saa nane mchana inaweza kuwa na ukungu saa mbili usiku. Ukifokasi usiku, kagua tena mchana. Ikiwa mchana imeharibika kidogo, kubali. Mchana una mwanga wa kusamehe.

Taa ya ziada

Ua likizidi mita 15, au ukichoka na buibui, tenga taa na kamera. Taa ya infraredi ya nje ya volti 12 hufungwa mita moja au mbili kando ya kamera, au mbele zaidi, karibu na kule unakotaka kuona. Wadudu wataifuata taa yenyewe, vumbi na matone ya mvua hayatang'aa mbele ya lenzi, na vivuli vya pembeni vitaipa sura umbo badala ya kuifanya sahani nyeupe. Zima taa za ndani ya kamera kwenye menyu, ila hakikisha kamera bado inageukia picha ya nyeusi na nyeupe. Kwenye baadhi ya modeli ukizima taa unalazimika kuiweka kwa ratiba.

Pembe ya taa ilingane na lenzi. Lenzi ya milimita 2.8 huona nyuzi 100 na zaidi, kwa hiyo taa ya nyuzi 30 itatoa duara jeupe katikati na giza pembeni. Tafuta ya nyuzi 90. Kwa lenzi ya milimita 6, nyuzi 60 zinatosha, na mwanga utafika mbali zaidi kwa wati zilezile. Ipe adapta yake yenyewe. Usiiunge kwenye waya wa kamera uliokwisha kulemewa.

Na pale ambapo siri haina faida, balbu ya LED ya wati 9 juu ya mlango inaweza kukupa picha ya rangi iliyo bora kuliko infraredi yoyote. Kamera ikibaki kwenye hali ya usiku hutaiona rangi hiyo. Ilazimishe hali ya rangi na uone. Kisha zima umeme wa nyumba usiku mmoja, kamera zikiwa kwenye betri, utazame tena. Kamera nyingi "nzuri" huwa zinaishi kwa taa ya jirani.

Menyu, sasa

Kwanza sahihisha saa ya kamera. Menyu inahesabu kuanzia usiku wa manane, hivyo saa kumi na mbili na nusu jioni ni 18:30 na saa kumi na mbili na nusu asubuhi ni 6:30. Faida ya kuishi karibu na ikweta ni kwamba machweo ya Dar es Salaam au Mombasa hayapishani hata saa moja mwaka mzima: ratiba ya usiku ya 18:30 hadi 6:30 ukiiweka Januari inafaa hadi Desemba. Ratiba pia inaiponya kamera inayogeukageuka jioni, ikienda rangi, ikirudi nyeusi na nyeupe, kila dakika. Ugonjwa huo hutokea taa zake zinapogonga ukuta wa karibu, sensa ikadhani kumekucha.

Shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga: kwenye umeme wa 50 Hz kiwango cha kawaida ni 1/25 ya sekunde. Kamera ikiachwa iamue yenyewe inaweza kushuka hadi 1/6, na picha inapendeza sana hadi mtu apite. Hapo anakuwa mzuka bila sura. Mpaka wa chini kabisa uwe 1/25, na kama taa zinatosha panda 1/50. Picha itakuwa na giza zaidi. Iache hivyo, maana sura yenye giza inasomeka kuliko sura iliyovutika.

Kuongeza nguvu ya ishara, pale menyu inapoandika Gain, usizidishe asilimia 50 au 60. Zaidi ya hapo ni chenga. Kupunguza chenga, palipoandikwa DNR, weka katikati. Ukiipandisha juu kabisa, mtu anayetembea anaacha mkia nyuma yake na nywele na macho vinapakwa kama rangi ya maji. WDR izime usiku, ni ya kusawazisha jua na kivuli. Smart IR iwe imewashwa: inapunguza taa mtu akisogea karibu, asigeuke uso mweupe usio na macho. Taa za magari zikikusumbua, washa HLC, ambayo huzifunika taa kali kwenye picha.

Chenga za usiku pia hula diski, kwani kamera inazirekodi kana kwamba ni mwendo. Kamera moja kwenye 4 Mbps (megabiti 4 kwa sekunde) hujaza GB 43 kwa siku. Nne kwenye diski ya TB 1 zitakupa chini ya siku sita. Kwa H.265, mfumo unaobana video zaidi, 2 Mbps hutosha 1080p, ila chini ya hapo utaona picha ya usiku inavunjika kuwa viboksi kila mtu anapopita.

Kichujio kilichokwama

Ndani ya kamera kuna kioo kidogo kinachozuia infraredi mchana na kujiondoa usiku. Ukiziba sensa ya mwanga utasikia "tik". Picha ya mchana ikiwa ya waridi au zambarau, majani yakiwa na rangi ya ajabu, kichujio kimekwama nje. Usiku picha ikiwa giza totoro ilhali simu inaonyesha taa zinawaka, kimekwama ndani. Geuza hali ya mchana na usiku kwenye menyu mara kadhaa, ukigonga kwa wepesi mwili wa kamera kwa mpini wa bisibisi. Mara nyingi huachia. Kikikwama tena ndani ya wiki, badilisha kamera, au moduli ya lenzi kama fundi anayo.

Jaribio la mwisho

Mwambie mtu aingie getini kwa mwendo wa kawaida, amevaa kofia, apite hadi mlangoni. Usitazame picha ya moja kwa moja; fungua rekodi, isimamishe pale alipo karibu zaidi na kamera, na mpe mtu asiyekuwepo aseme ni nani. Akishindwa, rudi kwenye lenzi na shata kabla ya kulaumu taa.

Namba za magari ni kazi ya kamera yake peke yake. Kibao kinaurudisha mwanga ulikotoka, kwa hiyo kwenye mpangilio wa kawaida kinakuwa mstatili mweupe mtupu. Weka lenzi ya milimita 8 hadi 12, kamera isipishane na uelekeo wa gari kwa zaidi ya nyuzi 30 kwa pembeni wala kwa juu, shata 1/500 hadi 1/1000, na Gain chini. Kila kitu kingine kitakuwa cheusi, gari lenyewe hutaliona, na namba itasomeka.